Mbwa, kondoo na gari-nyumba: Nani alipie uhuru wa Scotland?

*Sheria ya Scotland inamruhusu kila mtu kutembea milimani na kulala hemani bila kuomba ruhusa. Haimruhusu kulala garini popote apendapo, wala kumwachia mbwa wake malishoni. Kila kiangazi wageni na wenyeji hugombana juu ya mpaka huo.*

Asubuhi ya Mei huanza mapema kwenye barabara ya A838, kaskazini kabisa mwa Scotland. Saa kumi na moja alfajiri jua limeshachomoza juu ya ghuba ya Loch Eriboll. Barabara ni nyembamba, ya kupita gari moja tu. Kila baada ya masafa mafupi imetanuliwa kidogo na kusimikwa kibao: hapo ndipo magari hupishana.

Katika moja ya sehemu hizo limeegeshwa gari-nyumba, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Urefu wake ni mita saba hivi. Mapazia yamefungwa, wenyewe bado wamelala. Gari la posta linakuja kutoka upande mmoja, lori la chakula cha mifugo kutoka upande wa pili. Pa kupishania hapapo. Dereva wa posta inambidi arudi kinyumenyume mpaka sehemu iliyotangulia, huku tairi la nyuma likimega ukingo wa lami uliokaa juu ya udongo laini wa mboji.

Honi inawaamsha waliolala. Mlango unafunguliwa na mbwa mwenye masikio marefu anaruka nje, ananusa hewa, anavuka barabara. Ng'ambo hakuna ua. Kuna kondoo jike na pacha wake waliozaliwa siku chache zilizopita. Mbwa anataka kucheza. Kondoo hajui hilo.

Visa vya namna hii vimekuwa vya kawaida katika nyanda za juu za Scotland, eneo liitwalo Highlands. Mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo mwenyeji anabaki na hasara, mgeni anaendelea na safari, na kila upande unaondoka ukiamini kwamba mwenzake hana adabu.

Swali lenyewe ni pana kuliko adabu. Ni nani hasa anayebeba gharama ya uhuru ambao Scotland inautangaza duniani kote?

Barabara iliyopewa jina

Halmashauri ya Highland inasimamia eneo la kilomita za mraba zaidi ya 25,000, karibu sawa na ukubwa wa Rwanda. Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13. Highland ina watu wapatao 235,000, na wengi wamekusanyika Inverness na vitongoji vyake. Kaskazini na magharibi mwa mji huo unaweza kuendesha gari nusu saa bila kuona duka, kituo cha mafuta wala zahanati.

Mwaka 2015 barabara zinazozunguka eneo hilo ziliunganishwa chini ya jina moja la kitalii, North Coast 500. Mradi huo ulisukumwa na North Highland Initiative, taasisi iliyoasisiwa na Mfalme Charles alipokuwa bado mrithi wa kiti. Mzunguko una urefu wa maili 516, yaani kilomita 830 hivi. Unaanzia kwenye ngome ya Inverness, unapita Applecross, Ullapool, Durness na John o' Groats, kisha unarudi ulikoanzia.

Barabara zilikuwepo tangu zamani. Kilichokuja kipya ni wingi wa wageni. Hoteli na migahawa iliyokuwa ikifungwa mapema ilianza kupata wateja hata miezi ya baridi.

Kisha likaja janga la Uviko-19. Katika viangazi vya 2020 na 2021 Waingereza wengi waliokuwa wamezoea kuruka kwenda Hispania na Ugiriki walijikuta hawana pa kwenda ila ndani ya nchi yao. Waliokodi magari-nyumba waliongezeka, na wengi wao walikuwa hawajawahi kushika usukani wa gari la tani tatu na nusu.

Wengi walikwenda na mbwa wao. Mwenye mbwa akitaka kusafiri hupata taabu: hoteli nyingi hazimpokei mnyama, nyingine humtoza nyongeza, na kumwacha kwa watunzaji kwa wiki mbili ni gharama kubwa. Gari-nyumba linaondoa tatizo hilo. Mbwa ana sehemu yake ya kulala, ana bakuli lake, na anaamka kila siku mahali papya penye harufu mpya. Kwenye meli za CalMac, zinazovusha watu kwenda visiwa vya magharibi, mbwa husafiri bila nauli.

Haki yenye masharti

Scotland ina mojawapo ya sheria pana zaidi za uhuru wa kutembea barani Ulaya. Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 2003, ambayo sehemu yake ya haki ya kupita ilianza kutumika Februari 2005, inampa kila mtu ruhusa ya kutembea, kuendesha baiskeli, kupiga makasia na kulala hemani kwenye sehemu kubwa ya ardhi na maji, hata kama ardhi ni mali ya mtu binafsi. Pamoja na sheria kuna Kanuni za Matembezi ya Nje, zinazoeleza jinsi ya kuitumia haki hiyo kwa kuwajibika.

Haki hiyo ina mipaka miwili inayowagusa moja kwa moja wenye magari-nyumba na mbwa.

Mpaka wa kwanza ni wa injini. Haki ya kupita haihusu vyombo vya moto. Mwenye hema akilala kando ya ziwa kwa usiku mmoja au miwili na kuondoka bila kuacha alama, yuko ndani ya sheria. Mwenye gari-nyumba akiegesha mita kumi kutoka hapo hana haki hiyo. Anategemea ridhaa ya mwenye ardhi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988 inakataza kuendesha gari nje ya barabara. Inavumilia umbali wa yadi 15, kama mita 14, kwa ajili ya kuegesha tu, lakini uvumilivu huo haumpi dereva haki ya kubaki kwenye ardhi ya mtu.

> Haki ya kupita haihusu vyombo vya moto. Mwenye hema yuko ndani ya sheria. Mwenye gari-nyumba anategemea ridhaa ya mwenye ardhi.

Mpaka wa pili ni wa mbwa. Anayetembea na mbwa ana haki ya kupita mradi mbwa awe chini ya udhibiti. Kanuni zinafafanua: asiingizwe kwenye shamba lenye wana-kondoo au ndama, afungwe kamba fupi au awe miguuni pa mwenyewe karibu na mifugo mingine, na katika miezi ya ndege kuatamia, kwa kawaida Aprili hadi Julai, asiachwe kuzurura nyikani.

Wageni wengi husikia nusu ya kwanza tu ya habari hii. Wanaambiwa kwamba Scotland unaweza kulala popote, na hawaambiwi kwamba usemi huo ulihusu hema na miguu. Matangazo ya kukodisha magari yenye picha za gari pweke ufukweni, bila jengo wala kibao, yameikuza dhana hiyo mwaka hadi mwaka.

Kondoo hafi kwa meno peke yake

Mtu asiyefuga atauliza: mbwa akimkimbiza kondoo kidogo bila kumng'ata, kuna hasara gani?

Kondoo jike hubeba mimba kwa karibu miezi mitano. Milimani huzaa zaidi Aprili na Mei, majira yaleyale ambayo magari-nyumba ya kwanza huanza kuonekana. Akikimbizwa akiwa na mimba pevu, mapigo ya moyo hupanda, joto la mwili hupanda, na anaweza kuharibu mimba siku kadhaa baadaye, wakati mbwa ameshafika wilaya nyingine. Kundi likibanwa kwenye kona ya ukuta wa mawe, wanyama hupandiana na wa chini hukosa pumzi. Wengine hutumbukia mtoni au kwenye genge.

Akiwa ameshazaa, mama hukimbilia upande mmoja na wanawe wa siku mbili hubaki upande mwingine. Katika mvua na upepo wa kaskazini, mwana-kondoo asiyenyonya kwa saa chache hupoteza joto haraka. Mfugaji akifika jioni anakuta mzoga usio na jeraha hata moja, na hana wa kumdai.

Kinyesi cha mbwa nacho kina madhara yake. Mbwa anaweza kubeba kimelea kiitwacho Neospora. Ng'ombe akila majani yenye mayai ya kimelea hicho, anaweza kutupa mimba, na hakuna dawa ya kumtibu. Ndiyo maana mfugaji akiona kinyesi kwenye malisho yake hufikiria ndama wa mwaka ujao.

Bunge la Scotland lililichukulia suala hili kwa uzito. Sheria iliyowasilishwa na mbunge Emma Harper ilianza kutumika Novemba 5, 2021. Kabla yake, faini ya juu kwa mwenye mbwa aliyesumbua mifugo ilikuwa pauni 1,000. Sasa inafika pauni 40,000, kifungo cha miezi 12, au vyote viwili. Zaidi ya hapo, sheria ya mwaka 1987 inampa mfugaji kinga ikiwa, baada ya kukosa njia nyingine ya kulinda wanyama wake, atamuua mbwa anayewashambulia. Sharti ni kwamba atoe taarifa polisi ndani ya saa 48.

Mwenye mbwa naye yuko hatarini. Ng'ombe mwenye ndama humwona mbwa kama adui, na akimfuata mbwa humkuta na mtu aliyeshika kamba. Kanuni zinaelekeza jambo ambalo wapenzi wengi wa mbwa hawalitarajii: ng'ombe wakikujia kwa hasira, mwachie mbwa kamba, wewe tafuta njia fupi na salama ya kutoka. Mbwa ana mbio za kujiokoa.

Ndege wasioonekana

Wapo waathirika ambao hata mwenye mbwa makini huenda asiwaone. Ndege wengi wa nyikani hutaga chini, katikati ya majani, bila kiota cha juu ya mti. Mbwa akipita karibu, mama huruka. Mayai hupoa, au kunguru huyawahi.

Katika misitu ya misonobari ya Cairngorms, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2003, yuko capercaillie, ndege mkubwa wa msituni. Sensa ya majira ya baridi ya 2021 na 2022 ilikadiria kwamba wamebaki zaidi kidogo ya 500 tu nchini kote. Wanaolinda ndege huyo hawasemi mbwa ndiye aliyemmaliza. Makazi yaliyokatika, hali ya hewa na wanyama wawindaji vimechangia. Wanachosema ni kwamba ndege waliobaki wachache kiasi hicho hawamudu kuamshwa kila asubuhi.

Choo kinamwagwa wapi?

Ukiwauliza watu wa vijiji vya pwani kero yao kubwa, wengi wataanza na choo kabla ya kufika kwa mbwa.

Choo cha gari-nyumba kina tangi dogo linalochomolewa ubavuni mwa gari, lenye ujazo wa lita 20 hivi, na ndani yake humiminwa kemikali ya kuua harufu. Watu wawili hulijaza kwa siku mbili au tatu. Mahali sahihi pa kulimwaga ni kwenye kituo maalumu, ambacho kwa kawaida kipo ndani ya kambi za kulipia. Maji ya sinki na ya kuogea hukaa kwenye tangi jingine chini ya sakafu, nayo yana mahali pake.

Anayelala kando ya barabara usiku baada ya usiku hafiki kambini. Tangi likijaa, wapo wanaolimwaga mtaroni, kwenye kijito au katika choo cha umma cha kijiji. Vyoo hivyo vingi vinatumia mashimo ya maji taka yanayotegemea bakteria kuozesha uchafu, na kemikali ya tangi huwaua bakteria hao. Usiku mmoja wa mtu mmoja unaweza kukiharibia kijiji kizima huduma.

Vijito hivyo hushuka kwenda ufukweni, ambako kondoo hunywa na watoto hucheza. Mbwa wa mgeni mwingine naye atakunywa papo hapo.

Wanayosema wenye magari

Haki inadai upande wa pili usikilizwe, na wana hoja nzito.

Kwanza, wanasema wanalipa. Wananunua mafuta, samaki, mkate na nyama katika maduka ya vijijini, wanakula kwenye baa zinazopokea mbwa, wanafika Oktoba na Machi wakati wageni wa hoteli wameadimika. Wengi ni wastaafu wenye muda na subira. Mbwa huwalazimisha kutembea hata mvua ikinyesha, na anayetembea hukaa siku nyingi zaidi kuliko anayepiga picha na kuondoka.

Pili, wanasema miundombinu haipo. Julai kambi nyingi za pwani hujaa. Dereva aliyefika Durness saa mbili usiku na kukuta lango limefungwa, akiwa amechoka na barabara mbele ikiwa nyembamba na yenye kondoo waliolala juu ya lami, afanye nini? Kuendelea kuendesha ni hatari kuliko kuegesha.

Tatu, wanakataa kuhukumiwa kwa makosa ya wachache. Vyama vya wenye magari-nyumba vinawafundisha wanachama kufika jioni na kuondoka asubuhi, kutotoa viti na meza nje, kutowasha moto na kubeba taka zao. Anayemiliki gari lake mwenyewe, wanasema, amejifunza kwa miaka mingi. Tatizo ni mtu aliyekodi kwa wiki moja na kukabidhiwa funguo baada ya maelezo ya dakika chache.

Hoja hii ya mwisho ina ukweli unaopimika barabarani. Mlima wa Bealach na Bà, njia ya kuingia Applecross, hupanda hadi mita 626 kwa kona kali na mwinuko unaokaribia asilimia 20. Kibao mwanzoni mwa njia kinawaonya madereva wanafunzi, magari makubwa sana na karavani. Hata wasimamizi wa North Coast 500 wenyewe huwashauri wenye magari-nyumba kuizunguka njia hiyo, pamoja na ile ya B869 inayopita Drumbeg. Bado kila kiangazi kuna gari linalokwama konani, na foleni ndefu nyuma yake.

Upweke uliotengenezwa

Kuna jambo ambalo wageni wachache huambiwa, nalo linaeleza kwa nini wenyeji hukasirika wakisikia nchi yao ikiitwa pori tupu.

Mabonde haya yalikuwa na watu. Kati ya mwisho wa karne ya 18 na katikati ya karne ya 19, wamiliki wakubwa wa ardhi waliwahamisha maelfu ya familia za Kigaeli ili kupisha ufugaji wa kondoo wa kibiashara. Katika bonde la Strathnaver watu walifukuzwa mwaka 1814 na tena 1819, na nyumba zikachomwa. Wengine walivuka bahari kwenda Kanada. Wengine walisukumwa pwani, kwenye vipande vya ardhi ya mawe.

Kando ya barabara ya A9 huko Caithness kuna magofu ya kijiji cha Badbea, juu ya genge la bahari. Waliohamishiwa hapo walikuta upepo mkali kiasi kwamba, kwa simulizi za wenyeji, mifugo na hata watoto wadogo walifungwa kamba wasipeperushwe. Mkazi wa mwisho aliondoka mwaka 1911. Leo njia fupi ya miguu inawafikisha wageni na mbwa wao hadi kwenye kuta zilizobaki.

Wajukuu wa waliobaki walipigania haki yao. Sheria ya mwaka 1886 iliwapa wakulima wadogo, wanaoitwa crofters, usalama wa kukaa kwenye vishamba vyao. Mwaka 1993 wakulima wa Assynt waliinunua ardhi waliyokuwa wakiilima kama wapangaji. Mwaka 2010 jumuiya ya West Harris, katika visiwa vya magharibi, nayo ikawa mmiliki wa ardhi yake.

Kwa hiyo kondoo anayekimbizwa leo si wa bwana mkubwa wa karne ya 19. Aghalabu ni mmoja kati ya kondoo arobaini au hamsini wa mtu ambaye pia anaendesha basi la shule, anazima moto kwa kujitolea na kuvua kaa. Anapompoteza kondoo mmoja, hesabu ya mwaka wake inatikisika.

> Mabonde haya yalikuwa na watu. Upweke ambao wageni wanaufuata ulitengenezwa kwa moto na hati za kufukuza.

Nani alipe?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjadala wa sasa ni jinsi ya kuhakikisha mwenyeji anapona kweli.

Serikali ya Scotland ilianzisha mwaka 2018 mfuko wa miundombinu ya utalii vijijini, ambao umegharamia maegesho, vyoo na vituo vya kumwagia maji taka ya magari. Kwenye mabwawa ya Fairy Pools kisiwani Skye, ambako magari yalikuwa yakiziba barabara, palijengwa maegesho na vyoo. Idara ya misitu ya serikali nayo imeruhusu magari yenye choo cha ndani kulala usiku mmoja katika baadhi ya maegesho yake.

Mwaka 2024 Halmashauri ya Highland ilianzisha mpango wa hiari: pauni 40 kwa siku saba, zinazomruhusu mwenye gari-nyumba kulala kwenye baadhi ya maegesho ya halmashauri. Wenye kambi binafsi walilalamika. Wao wanalipa kodi, wanaajiri watu, wanajenga mabafu na vituo vya maji taka, halafu halmashauri inauza usiku kwa bei ya chini mita chache kutoka langoni mwao.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria inayoziruhusu halmashauri kutoza asilimia ya bei ya malazi. Edinburgh iliamua kutoza asilimia 5. Tozo hiyo inaweza kumgusa anayelipia nafasi kambini. Anayelala bure kando ya barabara haiwezi kumfikia, kwa sababu hana bei ya malazi ya kukatwa. Yaani anayefuata utaratibu huongezewa mzigo, na anayeukwepa hubaki mwepesi. Mpango wa hiari nao una udhaifu uleule: hulipwa na waungwana.

Jumuiya ya West Harris imeonyesha njia nyingine. Kwa kuwa ardhi ni yake, imetenga sehemu chache za magari-nyumba karibu na fukwe zake na kuweka ada. Mgeni anajua pa kulala, fedha inabaki kijijini, na nyasi za pwani zenye maua adimu hazikanyagwi na matairi.

Kabla ya kuwasha gari

Kwa Mswahili aliyeko Glasgow, Aberdeen au London anayefikiria safari hii, haya ndiyo ya msingi.

*Leseni.* Wanaendesha kushoto, kama Afrika Mashariki. Leseni ya kigeni inakubalika kwa miezi 12. Leseni ya kawaida ya Uingereza inaishia gari la tani 3.5, ila waliofaulu mtihani kabla ya Januari 1, 1997 kwa kawaida wanaruhusiwa hadi tani 7.5. Kampuni za kukodisha zina masharti yao ya umri na uzoefu, na si zote zinazokubali mbwa.

*Barabarani.* Usiegeshe kamwe kwenye sehemu ya kupishana. Ikiwa iko kushoto kwako, ingia. Ikiwa kulia, simama usawa wake umpishe mwenzako. Angalia kioo: aliye nyuma yako anaweza kuwa daktari. Mpishe.

*Mbwa ndani ya gari.* Kanuni za barabarani zinataka afungwe mkanda au awe kizimbani gari likitembea. Usimfungie garini ukaenda kupanda mlima. Hata siku ya jua la kawaida gari hugeuka tanuri.

*Mbwa nje ya gari.* Lazima awe na ukosi wenye jina na anwani ya mwenyewe, na kipande cha utambulisho chini ya ngozi. Kinyesi kisipookotwa, faini ni pauni 80. Beba kibanio cha kung'olea kupe, kwani kupe wa huko hueneza ugonjwa wa Lyme kwa watu. Kiangazi maji ya ziwa yakiwa na utando wa kijani au buluu, asinywe wala asiogelee. Sumu yake humuua mbwa haraka. Visubi hushambulia kuanzia Mei hadi Septemba, hasa jioni zisizo na upepo.

*Mbwa kutoka nyumbani.* Kumleta mbwa kutoka Kenya au Tanzania kunahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kisha miezi mitatu ya kusubiri, pamoja na dawa ya minyoo siku moja hadi tano kabla ya kuwasili. Anza miezi mingi kabla.

*Njia nyingine.* North Coast 500 si Scotland nzima. Kusini-magharibi kuna Galloway, ambako msitu wake ulitambuliwa mwaka 2009 kuwa hifadhi ya kwanza ya anga la giza nchini Uingereza. Huko nako kuna kambi, fukwe na njia za mbwa, na foleni ni chache.

Kinachotakiwa sasa

Pendekezo la kupiga marufuku magari-nyumba husikika kila mwaka. Halitasaidia. Litaua maduka yaliyoanza kupumua, na litawaadhibu waliolipa na kuokota uchafu wao. Kuwaacha wageni wajifanyie watakavyo nako ni kumwonea mwenyeji ambaye babu yake alishaonewa mara moja.

Kilicho haki ni malipo ya lazima kwa kila usiku wa gari-nyumba, liwe ndani ya kambi au nje yake. Njia rahisi ni kuitoza ada hiyo wakati wa kukodi gari au kuingia eneo, na fedha ipelekwe moja kwa moja kwenye vijiji vyenye vyoo, mitaro na barabara zinazochakaa. Mwenye gari akilipa, naye apate anachodai kwa haki: mahali panapojulikana pa kulala, bomba la maji safi na shimo la kumwagia tangi, kila baada ya masafa ya safari ya siku moja.

Kampuni za kukodisha zisitoe funguo kabla dereva hajaonyesha kwamba anaweza kurudi kinyumenyume hadi sehemu ya kupishana. Na mteja mwenye mbwa asomewe sheria ya 2021, akiambiwa waziwazi kiasi cha faini na sababu yake.

Mwenye mbwa yeye hahitaji kusubiri bunge. Kamba ya mita mbili inauzwa kila duka la wanyama. Akiifunga kabla ya kufungua mlango wa gari, kuanzia Machi hadi Julai na popote penye mifugo, atakuwa ameondoa sehemu kubwa ya ugomvi huu bila sheria mpya hata moja. Uhuru wa kutembea Scotland uliandikwa pamoja na neno kuwajibika. Anayetaka uhuru huo udumu ashike yote mawili, na wanaotunga bajeti Inverness na Edinburgh wawawezeshe wageni kufanya hivyo.